Kutoka Mita Hadi Chemba: Shajara ya Maji ya Nyumba ya Mama, Kimara

Nyumba ya mama ipo Kimara, Dar es Salaam. Ilijengwa miaka ya tisini: vyumba vitatu, choo na bafu ndani, choo kingine uani, jiko, na tanki la lita 1,000 juu ya mnara mfupi wa matofali. Wanaishi watu watano. Shida zake wengi mtazitambua. Maji ni ya mgao lakini bili inapanda, shawa inadondosha tu, choo kinachuruzika usiku kucha, na jiko linanuka. Kwa miaka mingi fundi ameitwa kwa kila shida peke yake, akaziba, akaondoka. Mama ana miaka 71 na bado anaoga kwa ndoo ndani ya bafu lenye shawa. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililoanzisha mradi huu.

Safari hii tunafuata maji yenyewe, kutoka mita hadi chemba ya maji machafu, na hatununui kitu mpaka tujue maji yanapita wapi. Gharama zote ni shilingi za Tanzania, kwa bei tulizolipa Kimara na Kariakoo mwaka 2025. Nitaongeza taarifa kila hatua inapokamilika, ili mwenye nyumba kama hii aweze kuiga au kukwepa.

Jumamosi, 7 Juni 2025: ramani

Maji ya Kimara hutoka mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi. Mtaani kwetu yanakuja siku kama nne kwa wiki, mara nyingi usiku. Kwa hiyo nyumba ina mifumo miwili, na inabidi uitenganishe kichwani kabla hujashika spana. Wa kwanza unatoka mita kwenda kwenye tanki. Una presha ya mtaani na unafanya kazi siku za mgao tu. Wa pili unatoka kwenye tanki kuja ndani. Huo una maji saa zote, na presha yake inatokana na kimo cha tanki, basi.

Tulizunguka na chaki, koki kwa koki, tukichora ukutani njia ya kila bomba, kisha tukaihamishia kwenye daftari. Kazi ilikwisha kabla ya mchana na haikugharimu kitu. Tulichogundua kilinishtua: nyumba nzima ina valvu mbili tu. Moja iko kwenye mita, nyingine chini ya tanki, na hiyo ya tanki imeganda kwa kutu. Maana yake, ukitaka kubadili mpira wa koki ya jikoni, sharti umwage tanki zima. Ndiyo maana vitu vidogo vilivyokuwa vinavuja vimeachwa vivuje. Hakuna aliyekuwa tayari kumwaga lita 1,000 za maji ya mgao kwa ajili ya mpira wa shilingi mia chache.

Jumamosi, 14 Juni: mita inazunguka, koki zimefungwa

Bili ya Mei ilikuwa uniti 32. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo watu watano walihesabiwa zaidi ya lita 1,000 kwa siku katika nyumba isiyo na bustani wala gari la kuosha.

Kipimo ni rahisi. Subiri siku ya maji. Usipime yanapoanza kuja, kwa sababu hewa inayotangulia maji nayo huzungusha mita. Yakishatulia, funga maji yanayoingia kwenye tanki na koki zote za uani, halafu angalia kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, kuna maji yanapotea kati ya mita na tanki. Cha kwetu kilizunguka polepole bila kusimama. Tulisoma mita saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri: lita 182 zimekwenda, sawa na lita 26 kwa saa. Kwa siku za maji za mwezi mzima inakaribia uniti 11.

Mahali penyewe palijionyesha. Uani, karibu na mpapai, kulikuwa na kipande cha nyasi za kijani wakati kwingine kote kumekauka. Tulichimba na kukuta jointi ya bomba la chuma imeoza kwa chini, upande usioonekana hata ukifukua kwa juu. Inabidi upitishe kidole chini ya bomba.

Jaribio la kwanza lilikuwa mpira wa tairi la baiskeli uliofungwa kwa waya, dawa ya mtaani ya miaka yote. Mchana ulishika vizuri kabisa. Usiku watu wanapolala na koki za mtaa zikafungwa, presha hupanda, na mpira ukaachia. Asubuhi shimo lilikuwa limejaa tope. Nashauri usiupe mpira kazi zaidi ya kukuvusha usiku mmoja wakati unasubiri duka lifunguliwe.

Badala ya kubadili jointi moja tuliondoa njia yote ya chuma, kwa sababu chuma kilichooza hapa kinaoza na pale. Tuliweka bomba jeusi la plastiki la milimita 25, kipande kimoja bila jointi njiani, kwenye mtaro wa nusu mita. Upande huu 25 inatosha kwa sababu unasukumwa na presha ya mtaani. Kumbuka sentensi hiyo, maana upande wa pili habari ni nyingine.

Gharama: bomba mita 20 kwa 2,500 ni 50,000, maungio mawili ya kubana 12,000, vibarua wa mtaro 30,000, mpira na waya 2,000. Jumla 94,000.

Jumamosi, 21 Juni: tanki na vyoo

Mita sasa imesimama. Upande wa pili hauwezi kupimwa kwa mita, unapimwa kwa ufito. Usiku, watu wakishalala na maji ya kuingia yamefungwa, chovya ufito mrefu ndani ya tanki mpaka ugonge chini, weka alama maji yanapofikia, na urudie alfajiri. Tanki letu lina kipenyo cha mita 1.1, kwa hiyo kila sentimita inayoshuka ni kama lita tisa na nusu. Kwa saa nane zilishuka sentimita nne. Lita 38 zimepotea bila mtu kufungua koki. Kwa mwezi ni zaidi ya uniti tatu.

Mtuhumiwa wa kwanza katika hali hii ni choo. Tia rangi ya chakula ndani ya tanki la kuflashi na uache bila kuflashi kwa nusu saa. Cha ndani kilitoa wekundu kwenye bakuli karibu papo hapo: mpira wa chini umekakamaa na haukai sawa. Tulisugua kitako chake kwa msasa laini kuondoa magamba ya chumvi, tukaweka mpira mpya. Mpira mpya juu ya kitako chenye magamba utavuja vilevile, kwa hiyo usiruke msasa.

Cha uani hakikutoa rangi, lakini tanki lake lilikuwa halitulii. Maji yalikuwa yakipanda mpaka mdomo wa bomba la kufurikia na kuchuruzika humo ndani kwa ndani, usione tone sakafuni. Boya lilikuwa limechoka. Tulibadili kifaa chote na kurekebisha maji yasimame sentimita mbili hadi tatu chini ya mdomo huo. Boya la tanki kubwa nalo lilikuwa linachelewa kufunga, likabadilishwa hapohapo.

Gharama: mpira 3,000, msasa 1,000, rangi 1,500, kifaa cha choo cha uani 22,000, boya la tanki kubwa 12,000. Jumla 39,500. Kazi hii haihitaji fundi. Spana moja na uvumilivu vinatosha.

Jumamosi, 28 Juni: pampu imeingia, pampu imetoka

Kaka alikuwa ameshanunua pampu ya nusu hozipawa, ile inayojiwasha yenyewe koki ikifunguliwa. Fundi wa kwanza aliyekuja kuangalia shawa alimwambia mama, "Mama yangu, hapa dawa ni pampu tu." Mama akamjibu, "Fundi, hiyo pampu itakunywa luku yangu yote." Kwa kuwa ilishanunuliwa, tuliifunga kwenye njia inayotoka kwenye tanki.

Jioni ya kwanza shawa ilimwaga vizuri sana. Usiku pampu ikaanza kujiwasha na kujizima yenyewe, watu wote wamelala. Pampu ya namna hii husikia presha ikishuka, na presha hushuka hata kwa tone moja linalotoka mahali. Halafu ukuta kati ya bafu na chumba cha mama ukaanza kulowa. Doa lilikuwa la upana wa sahani asubuhi, na kufikia jioni rangi ilikuwa imevimba na kubanduka. Bomba la chuma lililozeeka, lililozoea kusukumwa kwa kimo cha mnara mfupi, lilitoboka liliposukumwa na mashine.

Tulitindua plasta na kukata kipande. Nakieleza kwa sababu nyumba nyingi za umri huu zina bomba hilohilo. Kwa nje lilikuwa zima, zinki bado inang'aa sehemu nyingine. Ndani lilikuwa na kutu ya kahawia, nene na ngumu kama ukoko chunguni, yenye vinundu, na katikati kimebaki kitundu ambamo penseli ilipita kwa kusukumwa. Hii ilikuwa nusu inchi, yenye nafasi ya ndani ya milimita kama 16. Kwa miaka kadhaa tanki lilikuwa likijazwa na boza la maji ya kisima chenye chumvi kila mgao ulipobana, na naamini chumvi hiyo imechangia sana.

Kwa hiyo shawa ilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza ni kutu hiyo. La pili ni hesabu ambayo hakuna aliyewahi kuifanya. Mita kumi za kimo cha maji ni presha ya baa moja (baa ni kipimo cha presha), mita moja ni sehemu ya kumi yake. Kitako cha tanki letu kiko mita 2.4 kutoka chini na shawa iko mita 2.1. Tofauti ni sentimita 30. Tanki likikaribia kwisha, shawa inasukumwa na presha ya baa 0.03, ambayo ni karibu na hakuna. Hata mabomba yangekuwa mapya, shawa ile isingemwaga.

Uamuzi: mabomba yote ya ndani yabadilishwe kuwa PPR, yaani bomba la plastiki linaloungwa kwa kuyeyushwa, na tanki lipande. Pampu tumeiuza. Ilinunuliwa 165,000 ikauzwa 110,000, hasara 55,000. Na kwa wanaofikiria kuiweka pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaani: msifanye hivyo. Inawanyima majirani, na inavuta maji machafu ya ardhini kupitia matundu ya mabomba ya mtaa mpaka ndani ya tanki lenu la kunywa.

Jumatatu, 7 Julai (Saba Saba): PPR

Tulitumia sikukuu na wikendi yake, kukiwa na maji ya akiba kwenye majaba. Kuta zilitinduliwa kwa kufuata ramani ya chaki, kwa hiyo tulipasua mahali tulipokusudia tu. Njia kuu kutoka kwenye tanki ilikuwa chuma cha robo tatu ya inchi. Dukani ukiomba PPR ya robo tatu unapewa ya milimita 25, na ndiyo iliyonunuliwa. Matawi ya kwenda kila koki ni 20. Kila chumba kimepata valvu yake, na jikoni kuna koki moja ya ziada iliyounganishwa moja kwa moja na maji ya mtaani, kwa ajili ya kunywa siku za mgao.

Jointi za PPR huyeyushwa kwa mashine ya nyuzi joto 260. Sekunde tano kwa bomba la 20, saba kwa 25, nane kwa 32, halafu unasukuma moja kwa moja bila kuzungusha na kushikilia mpaka litulie. Kwanza weka alama kwa kalamu pale bomba linapotakiwa kuishia ndani ya kiungo: milimita 14 kwa bomba la 20, 16 kwa 25, 18 kwa 32. Kijana aliyekuja na fundi alikuwa akikadiria kwa macho.

Gharama: PPR 25, mipande kumi ya mita nne, 95,000; PPR 20, mipande sita, 39,000; elbo, tii, soketi na yunioni 118,000; valvu sita 84,000; ufundi 250,000. Jumla 586,000.

Jumamosi, 12 Julai: zege la mnara

Nguzo nne na bamba la juu, kimo mita 4. Tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja bila kuhesabu zege lenyewe, kwa hiyo hatukubishana kuhusu nondo. Zege litamwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza, na tanki halitapanda mpaka zifike siku 28.

Gharama: saruji mifuko tisa 153,000, nondo za milimita 12, nane, 200,000, za milimita 8, nne, 48,000, mchanga na kokoto 140,000, mbao za kukodi 60,000, fundi uashi 200,000. Jumla 801,000. Hiki ndicho kitu ghali kuliko vyote, lakini hakitumii luku na hakina mpira wa kubadilisha.

Jumamosi, 19 Julai: kwa nini 25 haikuwa robo tatu

Mabomba mapya kabisa, na bado koki ya jikoni ikifunguliwa shawa inakauka. Kabla ya mradi ndoo ya lita kumi ilijaa jikoni kwa karibu dakika nne. Sasa ilijaa kwa dakika moja na sekunde 35. Ni nafuu kubwa, ila nilitegemea zaidi. Fundi alisema tusubiri mnara. Mimi nilitaka kuona ndani.

Vipimo vya PPR ni vya nje. Bomba la 25 aina ya PN20, lenye ukuta mnene wa maji ya moto, lina unene wa milimita 4.2 kila upande. Nafasi inayobaki ndani ni milimita 16.6. Chuma cha robo tatu kina kama 21.6. Majina yanafanana dukani, lakini njia ya maji imepungua kwa asilimia kama arobaini. Kwa bomba linalosukumwa na presha ya mtaani hutaona tofauti kubwa. Kwa bomba linalotegemea mnara, utaiona kila siku. Linalolingana na robo tatu ya chuma ni PPR 32, ambalo ndani yake ni milimita 21.2.

Tulipokata njia ya 25 kuiondoa, tulipasua jointi kadhaa kwa msumeno ili tuone. Nyingi zilikuwa safi. Mbili zilikuwa zimeyeyushwa mno na kusukumwa kupita kina chake, na plastiki imejikunja kwa ndani kuwa pete nene ya kijani. Kwenye moja, tundu lililobaki lilikuwa la ukubwa wa kitufe cha shati. Nyingine ilikuwa na kasoro tofauti: vipovu kwenye ukingo wa muungano. Hiyo ilichomwa bomba likiwa bado na tone la maji, mvuke ukatoboa njia. Ingevuja, kama si mwaka huu basi ujao, ndani ya ukuta uliokwishapakwa rangi. Mbaya ni kwamba kwa nje zote zilifanana na zilizo salama. Fundi mwenyewe alizitazama kimya, halafu akamwambia kijana wake, "Kuanzia leo hapana kuchoma bila alama ya kalamu." Amefanya kazi ya kurekebisha kwa bei ya chini, na kwa hilo namshukuru.

Njia kuu mpya ni 32 kutoka tanki mpaka mwisho wa korido. Kisha tukakutana na shida nyingine: tulipofungua maji, jikoni hakuna kitu, kimya, wakati bafuni yanatoka. Bomba la jikoni lilikuwa linapanda kupita juu ya mlango kisha kushuka, na hewa imekaa kwenye hicho kilima. Maji ya mnara hayana nguvu ya kuisukuma. Tuliunganisha mpira kutoka koki ya mtaani ya uani hadi koki ya jikoni, tukafungua zote mbili, na maji yakarudi kinyume yakiitoa hewa kupitia tankini. Hiyo ni dawa ya siku moja tu. Ya kudumu ni kubadili njia: bomba sasa linatoka kwenye tanki na kushuka au kwenda sawa mpaka mwisho, hakuna mahali linapopanda tena. Pia tumeweka bomba jembamba la kupumulia mara baada ya valvu ya tanki, limesimama hadi juu ya usawa wa maji, mdomo umepinda chini.

Ndoo ya jikoni: dakika moja na sekunde tano.

Gharama: PPR 32, mipande mitano, 75,000, viungo vyake 46,000, ufundi 60,000, bomba la kupumulia 8,000. Jumla 189,000. Ningekuwa naanza leo, ningemwambia mwenye duka milimita za ndani ninazotaka na kuachana na habari ya inchi.

Jumamosi, 9 Agosti: tanki limepanda

Siku 28 zimetimia. Kabla ya kupandisha tulilisafisha. Chini kulikuwa na tope laini la kimo cha vidole viwili, na viluwiluwi. Bomba la kufurikia halikuwa na wavu. Hili si jambo dogo Dar es Salaam: mbu wa dengi hupenda maji safi yaliyotulia, na jiji limepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Sasa kuna wavu mdomoni mwa bomba la kufurikia na la kupumulia, na mfuniko unakaza.

Baada ya kupandisha tulijaza maji na kutia dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato. Yetu ni ya asilimia 3.5, kwa hiyo lita moja na nusu kwa lita 1,000 inatoa kama miligramu 50 kwa lita. Soma asilimia kwenye chupa yako upige hesabu upya. Tulifungua kila koki mpaka harufu ifike, tukafunga, yakalala usiku kucha. Asubuhi tuliyamwaga nje kupitia koki za uani, tukajaza tena na kusuuza. Usiyamwage chooni, yataua vijidudu vinavyofanya kazi kwenye karo, yaani shimo la maji taka.

Kitako cha tanki sasa kiko mita 4, shawa mita 2.1. Tofauti ni mita 1.9, zaidi ya mara sita ya ile ya zamani. Bomba la kupumulia nalo limerefushwa. Mama alioga kwa shawa jioni ileile, na ndoo ya bafuni imehamishiwa uani kwa ajili ya kufulia.

Gharama: vibarua wa kupandisha 20,000; klorini na wavu 9,000. Jumla 29,000.

Jumamosi, 23 Agosti: harufu ya jikoni

Maji safi yamekwisha, tumehamia maji machafu. Chini ya sinki kulikuwa na bomba la kukunjakunja lililonyooka moja kwa moja hadi ukutani. Harufu ya chemba ilikuwa na njia wazi ya kuingia jikoni. Kinachotakiwa ni kona inayobaki na maji, sentimita tano au zaidi, ili maji hayo yazibe harufu. Hiyo kona inauzwa 8,000. Kumbuka pia tundu la sakafu la bafu lisilotumika: likikauka linanuka vilevile, na tiba yake ni kulimwagia kopo la maji kila wiki.

Harufu iliondoka, lakini sinki liliendelea kuziba. Maji ya moto na sabuni yalifungua kwa siku chache. Fundi alipendekeza tindikali, nikakataa kwa sababu ya watoto na kwa sababu ya karo. Tulipima mteremko kwa mpira wa levo, ule unaojazwa maji ili uonyeshe usawa. Bomba la inchi tatu kutoka jikoni hadi chemba lina urefu wa mita sita. Kwa mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita lilipaswa kushuka sentimita 15. Lilikuwa linashuka sita. Mafuta yanapoa njiani na kuganda. Tulifukua, tukalilaza upya, na kona moja kali tukaibadilisha kuwa kona mbili za nyuzi 45.

Gharama: kona ya sinki 8,000, kona mbili 10,000, ufundi 40,000, saruji 17,000. Jumla 75,000.

Jumamosi, 6 Septemba: bili na hesabu

Bili ya Agosti: uniti 17. Mei zilikuwa 32.

Kupiga plasta na rangi kuta zilizotinduliwa kumegharimu 120,000. Jumla ya mradi hadi leo ni 1,988,500. Ukiondoa hasara ya pampu na kulipia njia kuu mara mbili, mtu anayeiga angeweza kukaa karibu na 1,750,000. Asiyeweza mnara aanze na Juni: kuziba njia ya mita na kutengeneza vyoo kulitugharimu 133,500, na karibu nafuu yote ya bili imetoka hapo.

Valvu zote zimeandikwa kwa rangi ya mafuta: BAFU, JIKO, CHOO NDANI, CHOO UANI, TANKI, MTAANI. Mama na wajukuu wamezifungua na kuzifunga mmoja mmoja mbele yangu. Zifungwe na kufunguliwa kila miezi mitatu zisigande kama ile ya zamani. Ramani ya mabomba imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na vipimo kutoka kona ya ukuta, ili anayetaka kupigilia msumari ajue pa kuepuka.

Kinachofuata ni mifereji ya bati ya kukinga maji ya mvua, kabla ya vuli. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu lina kama mita 80 za mraba, kwa hiyo mvua ya milimita kumi ni lita 800 kabla ya kumwaga zile za mwanzo zinazoosha vumbi la bati. Nimeshapata bei ya mifereji upande wa mbele, 190,000 na vishikio. Tanki la chini bado naulizia.